Mpira wa Moto, Mpira wa Baridi

Mtaani walimwita Fundi Bomba, na wengi hawakujua jina lake jingine. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezibua masinki na kuunga mabomba yaliyopasuka. Jambo lililomkosesha raha msimu ule wa baridi lilikuwa gari lake mwenyewe.

Mama mkwe wake aliugua figo, na mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali kusafishwa damu. Alikuwa akirudi amenyong'onyea, hana hata damu ya kujipasha joto. Gari lilikuwa kuukuu, na hita yake ilipuliza hewa ya baridi tu. Jumanne moja walifika nyumbani meno ya mama yakigongana.

"Mwanangu," alisema, akijaribu kucheka, "hili si gari, ni friji lenye magurudumu."

Fundi Bomba hakucheka. Alimlaza, akamfunika, kisha akaenda moja kwa moja gereji kwa makanika waliyemwita Profesa, kwa kuwa hakukosa jibu hata siku moja.

"Nilishakubadilishia thamostati, kile kidhibiti joto cha injini, dada," alisema Profesa. "Gari limezeeka. Lizoee tu."

"Mimi naweza kuzoea. Mgonjwa azoee vipi?"

Profesa akarudi chini ya lori.

Jumamosi asubuhi Fundi Bomba alifungua boneti uani. Aliiacha injini ingurume mpaka geji ya joto ikafika katikati. Basi injini ilikuwa inapata moto wake. Akawasha feni: upepo ukaja kwa nguvu, ila wa baridi. Feni nayo haikuwa na kosa. Joto lilikuwepo, lakini lilikwama njiani.

Akaifuata mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye rejeta ndogo ya hita, nyuma ya dashibodi, na kuyarudisha kwenye injini. Akaigusa kwa mgongo wa mkono. Wa kwanza ulimuunguza. Wa pili ulikuwa kama maji ya kuoga yaliyosahauliwa kwenye ndoo.

"Kumbe," alijisemea. Maji yalikuwa yanaingia lakini hayatoki sawasawa. Bomba ni bomba, liwe la jikoni au la gari.

Alisubiri injini ipoe kabisa, akalegeza vibanio, akachomoa mipira yote miwili. Kwenye tundu la kutokea akaunga mpira wa bustani, ili maji yausukume uchafu kurudi ulikotoka. Alifungulia taratibu, maana rejeta kuukuu ukiishindilia itapasuka. Mwanzo yalitoka matone. Akafunga, akauhamishia mpira tundu la pili, akafungulia tena. Mara ya tano rejeta ikakohoa na kutapika tope la kutu, zito kama uji. Hakuacha mpaka maji yalipotoka meupe.

Alirudisha mipira, akajaza maji ya rejeta, akawasha injini. Hewa ikaja baridi vilevile.

Aliketi kwenye ngazi, mikono imekufa ganzi. Mama mkwe alikuwa akimtazama dirishani.

"Pumzika, mwanangu. Nimeishi na baridi maisha yangu yote."

"Bado kidogo, mama."

Akakumbuka nyumba zilizokatiwa maji: yakirudi, bomba hupiga chafya kwanza. Ni hewa iliyonaswa ndani. Alizima injini, akangoja tena ipoe, akalipandisha gari kwenye mteremko pua ikitazama juu. Akafungua kifuniko cha rejeta kubwa ya injini, akawasha, akangoja. Mapovu yalipanda moja moja, kisha kwa mkupuo, na maji yakashuka. Akajazia hadi mapovu yalipokoma, akafunga.

Alipoweka kiganja mbele ya tundu la hita, alikitoa haraka. Hewa ilikuwa ya moto.

Jumanne iliyofuata mama mkwe alizungumza njia nzima, akimsimulia jinsi mumewe marehemu alivyomposa mara tatu akikataliwa. Walipofika hospitali, kisa kilikuwa bado hakijaisha. Muuguzi akaja kumfungulia mlango.

"Funga kwanza, binti," alisema mama. "Namalizia."