Mkwaruzo Ubavuni mwa Tela

Msinisimulie habari za hasira, mie nazijua. Miaka ile ya arubaini, vita vilipokwisha, nilikuwa fundi wa kupaka rangi magari hapa Bondeni, na watu wakisema mkono wangu hauna mwenzake. Ulimi wangu nao haukuwa na mwenzake, ila hilo wakilisema nikishapita.

Tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa Ndia Kuu, alinunua tela mnadani kule Kilindini, askari walipokuwa wakiondoka. Si tela la mizigo. Hili lilikuwa la kukunja: ukiinua mbavu zake na kutandaza turubai, lawa chumba chenye vitanda viwili, ukilikunja, larudi kuwa sanduku la magurudumu mawili. Alitaka kumpeleka mamake mzee Taita akapunge hewa ya baridi. Lakini rangi ilikuwa imekwaruzika kila upande, akaniletea uani kwangu nilitengeneze.

Mke wangu alilipenda tangu lilipoingia. Hakuwa amewahi kutoka kisiwani. "Bwana," akaniambia, "ukimaliza tulifungue siku moja tu, tunywe chai ndani yake, tujifanye tumefika mbali."

"Chai yanywewa jikoni," nikamjibu. "Hiki ni kitu cha watu, usikiguse."

Akacheka, akaenda zake. Alikuwa amenizoea.

Hapa lazima niseme jambo, ingawa lanichoma. Talaka mbili nilikuwa nimeshampa. Ya kwanza kwa wali ulioungua. Ya pili kwa kuchelewa kurudi kutoka harusini. Mara zote mbili neno lilinitoka, na kabla eda haijaisha nikaenda kwao Kibokoni, kichwa chini, nikamrejea. Mara ya pili mamake aliniambia, "Mwanangu, umebakiwa na moja. Itunze." Nikasema inshallah, kama mtu aliyeambiwa asisahau mwavuli.

Basi nikafanya kazi. Mkwaruzo hautafutwi kwa macho peke yake, maana wajificha. Nililiosha tela kwa sabuni, nikalitazama kwa upande jua la asubuhi likilipiga, kisha nikafumba macho nikapitisha kiganja polepole. Ukucha ulipokwama, hapo palikuwa pamechimbika hadi kwenye bati. Nikatia putii, nikaiacha ikauke, nikasugua kwa msasa na maji, ndipo rangi. Siku tisa nzima. Rangi ya kijani, imetulia hata ungeweza kujitazama uso.

Siku ya kumi nililifungua asubuhi turubai lipate hewa. Adhana ya adhuhuri ikanikuta, nikalikunja mbiombio nikaenda msikitini. Niliporudi nikapitisha kiganja, kwa mazoea tu. Ukucha ukakwama. Ubavuni, karibu na kona, mkwaruzo mpya wa shibiri moja, umepinda kama mundu. Na hapo kando, ndoo ya mke wangu, na nguo mbichi kambani.

"Nani amelifungua?"

Akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Sijui, bwana. Mimi nilikuwa nikianika nguo."

"Tangu siku ya kwanza wataka kuingia humo!"

"Nataka, ndiyo. Lakini wallahi sikuligusa."

"Kwa hivyo limejikwaruza lenyewe?"

Aliona kinachokuja, kwani alininyoshea ule mkono wenye unga, kama wa kuniziba mdomo. "Usiseme, bwana. Nakuomba, usiseme."

Nikasema.

Akanawa mikono, akaufunika unga kwa sinia usikauke, akavaa buibui lake akatoka. Wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mpumbavu mie, baada ya mlango kufungwa.

Alasiri nikamwendea maalim wetu. "Ulikuwa na akili zako?" akaniuliza.

"Nilikuwa na hasira, maalim."

"Nimekuuliza akili."

"Nilikuwa nazo."

"Na ulisema?"

"Nilisema."

Akafunga kitabu chake. "Basi si mkeo tena, mpaka aolewe na mwingine, na huyo amwache kwa hiari yake. Usimfuate, mwanangu."

Ule mkwaruzo niliuziba. Siku ya tatu ulikuwa haupo tena, hata mimi niliyeujua sikuuona. Tajiri akaja kulichukua tela, nikalifungua nimwonyeshe namna ya kulikunja. Safari hii nililikunja polepole, ili ashike. Komeo la chuma la kufungia ubavu likachomoka mahali pake, likaning'inia, na ubavu uliposhuka likapita juu ya rangi, likaacha mkwaruzo: shibiri moja, umepinda kama mundu.

"Are, fundi!" tajiri akasema. "Mbona lajikwaruza lenyewe?"

Nilitafuta kitambaa, na kitambaa kilichokuwepo ni kanga ya aliyekuwa mke wangu, aliyoiacha kambani siku ile. Nikachana kipande, nikalizungushia komeo lisiguse tena. Kazi ya dakika moja. Nikapaka rangi upya, tela likaenda zake Taita.

Nilimtuma jirani Kibokoni akamwambie ya kwamba nimeujua ukweli, hakuwa na kosa. Jibu likarudi: "Mwambie mimi niliujua tangu hapo."

Eda ilipokwisha, akaolewa na karani wa bandarini. Vijana wa barazani hunitania: "Ngoja, fundi, huenda akaachwa, umrudie." Huwatukana, kisha huuliza, kana kwamba sina haja, huyo karani ni mtu wa namna gani. Wote husema ni mpole, hajapata kusikiwa akipaza sauti. Nami husema alhamdulillahi, kwa kuwa yeye amestahili hilo, na moyo hunipasuka palepale, kwa kuwa mtu mpole hamwachi mke.