Kano Iliyoshonwa

Kabla ya kano yangu kukatika, nilikuwa mtu wa kukimbia tu. Nilikulia kisiwani, Faza, nikafunzwa badminton na Mwalimu Kioko, mtu wa bara aliyefunga wavu ndani ya bwalo la shule, kwa sababu nje upepo ulikipeperusha kile kipira cha manyoya mpaka baharini. Dari lilikuwa chini, basi nikajifunza kupiga chini na kwa kasi. Kwa mipigo hiyo nikafika timu ya taifa, nikawa naishi kwa raketi.

Siku ile, kwenye mashindano Nairobi, niliruka, nikatua, nikasikia kisigino cha kulia kikilia kama ufito unaovunjika. Niligeuka kumtafuta aliyenipiga teke. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Daktari wa uwanjani alinibonyeza, akaandika barua. "Kano ya kisigino imekatika. Nenda ukashonwe wiki hii."

Barua niliikunja, nikaitia ndani ya mfuko wa raketi. Niliogopa kisu. Nikarudi Faza, na kwetu mguu ulioumia hupelekwa kwanza kwa mkandaji. Bi Rehema, aliyewakanda watu wa mtaa wetu wote, alipasha mafuta ya simsim, akaushika mguu.

"Mshipa umeruka, mwanangu. Tutaurudisha."

Alinikanda siku kumi na mbili, nami nikilia huku nimeuma leso. Uvimbe ulishuka, nikamwambia mama nimepona. Mwalimu Kioko alipokuja kuniona, alisema, "Simama kwa vidole." Nikajaribu. Kisigino hakikuinuka hata kidogo. Nilipopapasa juu yake, kidole kilizama kwenye shimo laini, pale palipokuwa na kano.

Daktari mpasuaji, huko Mombasa, hakunibembeleza. "Ncha zimeachana mbali. Nitazivuta, nizishone. Utatembea. Mashindano, sahau."

"Wewe shona, daktari. Kusahau niachie mimi."

Nilikaa na plasta wiki nyingi. Ilipotolewa, shavu la mguu lilikuwa jembamba kama mkono wangu, na mshono ulikuwa ukitoa usaha. Niliswali juu ya kiti kama mkongwe. Jirani mmoja akamtania mama: "Bi Amina, nipe ile raketi nikapigie nzi."

"Iwate papo hapo ilipo," mama akamjibu. "Mwenyewe yu ndiani, yuaja."

Bi Rehema naye alikuja, habari za barua ameshazisikia. Nilimwambia kwa hasira kwamba mikono yake ndiyo iliyoniharibia.

"Na barua ya daktari," akauliza polepole, "ulinionyesha?"

Ilikuwa bado imekunjwa ndani ya mfuko wa raketi. Hakuna aliyenificha ukweli, niliuficha mwenyewe.

Nikaanza upya. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kuinua kisigino huku nimeshika ukuta. Alfajiri nilitandika mswala kando ya kile kiti, nikajaribu kukaa kikao cha swala, vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa chini yangu. Mshono uliwaka moto. Nikarudi kitini. Kesho yake nikajaribu tena. Kiti kile nilikichukia kuliko mpinzani yeyote niliyewahi kukutana naye. Alfajiri moja nilikaa kwenye mswala mpaka nikatoa salamu. Nikakitoa kiti nje, mama akakifanya cha kuanikia leso.

Mwaka huu nilirudi uwanjani. Mechi ya kwanza nilishindwa. Lakini katika seti ya pili niliruka, nikatua kwa mguu wa kulia, nikatega sikio. Kilichosikika ni kile kipira tu, kikigusa sakafu upande wa pili wa wavu.

Alhamdulillahi. Namshukuru mama, mwalimu na daktari, na Bi Rehema pia, ambaye siku hizi hagusi mguu wa mtu kabla ya kumuuliza, "Hospitali wamesemaje?"

Nawe uliyelala na mguu juu ya mto, ukipewa barua usiikunje. Panda boti siku hiyo hiyo. Na daktari akikwambia usahau, mwache ashone tu.