Chupa ya Mafuta ya Goti

Hata leo nikisikia harufu ya thomu, kitunguu saumu, ikikaangika, hasira hunipanda upya. Miaka michache kabla ya vita vya pili nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, nikiishi kwa mama mkwe Chake Chake. Mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, na tangu mke wa mzungu huyo afike kutoka nchi za mizeituni na kumfunza mapishi ya kwao, nyumbani kwetu hakukulika kwa raha. Nikipika mchuzi wa nazi, mume wangu anaonja, halafu anaguna.

Jioni moja aliingia na changu watatu wabichi. Akasema mjomba wake, kaka yake mama mkwe, amevuka kutoka kisiwa cha Fundo na atakula kwetu baada ya magharibi. Nikavuta mbuzi nikune nazi, akaninyang'anya.

"Wacha nazi. Leo pika kizungu. Tungule, thomu, ndimu, mafuta ya zeituni. Robo saa tu kishaiva."

Kwetu, samaki asiye na nazi ni chakula cha mgonjwa. Kumwandalia mgeni, tena mjomba, ni sawa na kumwambia arudi kwake. Nilimwambia hivyo, akanicheka. Nilipomuuliza zeituni nitaipata wapi, akaingia chumbani kwa mamake akatoka na chupa.

Chupa ile naijua. Mama mkwe aliinunua dukani kwa Banyani, akampelekea shehe akaisomea Yasini, na kila akishaswali isha hujipaka matone mawili kwenye goti linalomuuma.

"Mama karuhusu," akasema. Nikamwamini, mjinga mimi!

Nikawaparua samaki, nikawachanja, nikawatia chumvi na ndimu. Kikaango kilipopata moto nikamimina mafuta, thomu ikafuata, kisha tungule, nyanya mbivu nilizozikatakata. Nikawalaza changu juu yake, nikafunika. Sikuwahi kupika upesi namna ile, hata wali ulikuwa haujakauka. Na kwa kweli walinukia.

Mama mkwe alirudi kutoka kwa jirani nikiwa napakua. Akaiona chupa tupu karibu na mafiga.

"Mafuta yangu! Yasini nzima umeitia kikaangoni? Weye umelelewa na nani?"

Tusi hilo lilimwangukia mama yangu, ambaye hakuwapo kujitetea. Nikamtazama mume wangu aseme. Alikuwa akiutazama mkeka.

"Wake wa siku hizi, Mama," akasema. "Huwaambii wakasikia."

Damu ilinichemka. Ningekuwa na ubavu ningemmwagia kikaango kizima. Mjomba alipofika, mama mkwe akatangaza mbele yake kuwa kesho asubuhi narudishwa kwetu, nikafunzwe upya. Mke wa miezi mitatu kurudishwa kwa sababu ya samaki! Chake nzima ingejua kabla ya adhuhuri.

Nikawawekea sinia mkekani. Mjomba akamega kwa adabu tu, akatafuna. Akamega tena. Punde akawa anachota ule mchuzi mwekundu kwa tonge za wali.

"Kapika nani samaki huyu?"

Mume wangu akajisahau. Akakaa vizuri, kifua mbele.

"Mie ndiye n'liyemwonyesha, Mjomba. Siri yake zeituni. Yeye kang'ang'ania nazi yake, mie n'kaiendea chupa mwenyewe."

Mama mkwe akalirudisha tonge siniani.

"Ukaiendea wapi?"

Mama mkwe akakisogeza kikaango, mafuta yaliyobaki yakiwa mekundu kwa tungule, akamnyooshea mwanawe mguu wa goti bovu.

"Haya. Kanda."

Akakanda, thomu na vipande vya miba vikimnasa vidoleni, mjomba akiendelea kula. Habari ya kurudishwa kwetu haikutajwa tena. Ila radhi hakuniomba mtu, si mama wala mwana, na mimi niliingoja siku nyingi sana.

Wote wawili wameshatangulia. Kila Ijumaa nawasomea Yasini, na kila nikimaliza nakumbuka kuwa hawakuniomba radhi.