Salale: kwenye kikao wote walisema "zahanati", nilipoishi nao nikaona mengine

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Nafanya utafiti wa afya ya uzazi. Nilipelekwa Salale, huku delta ya Rufiji, ambako bila chombo cha majini huendi popote.

Nikaanza na focus group, kikao cha majadiliano. Akina mama wamekaa, mtendaji wa kijiji pembeni. Nikauliza wanajifungulia wapi.

"Zahanati," wakajibu wote.

Nikafurahi, data safi! (Wazoefu najua mshaanza kucheka.)

Hatua ya pili ilikuwa kuishi na familia, kuangalia tu bila kuingilia. Nikapokelewa na Mwanaidi, mmoja wa wale wa kikaoni, mjamzito, anayeishi na mumewe Shamte na mama mkwe, Bi Somoe.

Mchana mmoja uchungu ukamshika. Nikasema twendeni zahanati.

Bi Somoe hata hakuinuka. "Maji yamekupwa. Na mimi nimezalisha wengi humu ndani."

Mara damu. Nyingi.

Mwanaidi akaning'ang'ania mkono. "Dada, usiniache."

Wakuu, nilifundishwa kwamba mtafiti haingilii. Nikatoka mbio kumwita Shamte.

Akaja, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe. Akambeba hadi mtumbwini.

Tukausukuma kwenye tope la magotini, mizizi ya mikoko inatuchana miguu. Mwanaidi akaacha kulia. Kichwa kikamlegea.

Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Bi Somoe. Kaingia topeni, anasukuma huku anasoma dua.

Maji tukayapata. Nesi wa zahanati alimpokea akiwa hajiwezi kabisa.

Mtoto wa kike, mzima. Mama naye, alhamdulillah, akapona.

Alipopata nguvu nikamuuliza, mbona kikaoni ulisema zahanati?

"Mtendaji yule pale, mama mkwe kaketi ubavuni kwangu. Ningesemaje mbele yao kwamba yeye hutuzalisha nyumbani, dada?"

Nikaitisha kikao kingine, cha wake vijana peke yao. Mmoja akasema mwanawe alifia njiani, wakisubiri maji yajae. Mwingine akadakia, na mwingine. Hayo nisingeyajua kwa kukaa nyumba moja.

Nilichojifunza: kuishi na watu kulinionyesha kinachofichwa, kikao cha pili kikanionyesha kuwa si cha nyumba moja tu. Ila kabla hujauliza swali, tazama kwanza nani anasikiliza jibu.

Bosi wangu anasema niliharibu utafiti kwa kusukuma ule mtumbwi.

Mnaofanya field, ningekaa niangalie tu? Semeni ukweli.