Nyumba Yenye Taa ya Kijani

Soko huria lilipofika kwetu lilianza na wanunuzi binafsi wa pamba, wakafuata wauza mitumba, halafu minara ya simu. Nilikuwa karani wa ghala la pamba kule Kasoli, nikayaona yote yakiingia, na sikuyachukia. Ila sikuwahi kuwaza kwamba nitakapostaafu na kuhamia Bariadi mjini, mgane, kitu kitakachokaa juu ya kabati la marehemu mke wangu, pale alipokuwa anaweka birika, kitakuwa kisanduku cheusi chenye taa.

Kisanduku hicho ni ruta ya intaneti. Aliileta binti yangu, mtoto wetu pekee, anayefanya kazi Dar es Salaam, ili tuwe tunapigiana simu za kuonana sura. Mwanzoni iligoma kila mara, na kugoma kwake kulinifaa sana. Akinikosa mtandaoni alinipigia simu ya kawaida.

"Baba, taa ya tatu ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Chomoa waya, subiri kidogo, uchomeke tena."

Ruta huchukua muda wake kuamka, na katika kungoja huko hatukuwa na kazi nyingine ila kuongea. Aliuliza habari za goti langu na mahindi ya shamba letu la Dutwa. Mimi nilimuuliza kama anakula vizuri au anashindia chai. Mara nyingine taa ilikwisha kuwa ya kijani, nami nikanyamaza, nikamwacha aendelee kusimulia. Nilizipenda simu zile kuliko zile za kuonana sura, ambazo yeye hutazama pembeni na mimi huonekana pua tupu.

Krismasi moja alikuja na kompyuta yake, akasema anataka kuwa anaitengeneza ruta akiwa hukohuko Dar, nisisumbuke. Nikamtania kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Akacheka, akasema siku hizi inaua.

Alikaa mezani mchana kutwa. Kwanza alibadilisha nywila ya kiwandani, maana kila ruta ya aina ile huja na nywila ileile na wezi wanaijua. Kisha akaufunga mlango ambao ruta iliuacha wazi kwa dunia nzima. Mwisho akatengeneza njia ya siri yenye funguo mbili, mmoja ndani ya ruta, mwingine ndani ya kompyuta yake.

"Chukulia ni kile kichochoro cha kupita kwenye ua wa minyaa wa boma la bibi yako," alisema. "Sisi wawili tu ndio tunaokijua."

Sisi wawili, nikawaza, lakini ufunguo anao yeye. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi nzuri, na kazi kweli ilikuwa nzuri.

Ilikuwa nzuri mno. Tangu arudi Dar ruta ikigoma ameshaiamsha kabla sijajua. Simu zikapungua, zikabaki ujumbe: "Nimeona iko sawa, baba." Akaniambia hata simu yangu anaiona ikiunganishwa asubuhi, hivyo anajua nimeamka. Akijua nimeamka, ya nini kupiga? Nilikaa na ukimya ule sebuleni mpaka nikaanza kuijibu redio. Upweke haukunijia na machozi, ulinijia na hasira. Niliikasirikia ile taa ya kijani iliyokuwa ikinisemea kwamba sijambo.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Kule kijijini watu walitazama moshi wa jirani. Ng'ombe wakitoka kwenda malishoni na jikoni kwako hakujafuka moshi, mtu atakuja kubisha hodi, huenda umeugua au umekufa. Bibi aliijua kanuni hiyo na aliitumia. Akichoka kukaa peke yake, siku hiyo hawashi moto. Anakaa mlangoni na mafiga baridi, jirani anakuja mbio, bibi anacheka, ndipo wanapika pamoja.

Basi asubuhi moja baada ya chai nikachomoa waya wa ruta. Nikavaa shati safi, sijui kwa nini, nikakaa na simu mapajani. Jua likapanda. Simu ikawa kimya. Mchana sikula, nikihofia itaita nikiwa jikoni.

Alasiri hodi ikapigwa. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, mikono ina unga.

"Mwadila, baba," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Karibu ukae."

"Sikai, nimeacha maharage motoni. Binti yako kanitumia ujumbe, yupo kwenye kikao. Anasema nyumba yenu haionekani."

Akauona waya chini, akauchomeka, akasema panya hao. Taa zilipowaka akampigia, na sauti ya mwanangu nikaisikia kutoka mkononi mwa mtu mwingine.

"Mzee yupo?"

"Yupo, amekaa hapa. Mzima."

"Afadhali. Asante sana, mama, narudi kikaoni."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuipokea. Jirani akatazama mkono wangu, akatazama simu iliyokwisha kukatika, akaniaga kwa upole na kuyawahi maharage yake.

Jioni ujumbe ukaingia: "Pole kwa usumbufu, baba. Nimeweka mpangilio mpya. Ikizimika tena mama jirani atapata taarifa moja kwa moja, hata nikiwa na kazi. Usiwe na wasiwasi." Nikamjibu asante, mwanangu.

Kulipokucha niliwasha moto jikoni nichemshe uji. Kuni zilikuwa na unyevu, moshi ukajaa, ukapita juu ya bati hadi kwa jirani. Nikasimama uani nikiutazama. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anafagia. Akainua macho, akauona, akaendelea kufagia.