Timu ya Kuteleza

Kabla ya kufika Durban, barafu niliyoijua ilikuwa ya kutosha bilauri moja. Vipande vitatu vinne vikigongana mbele ya mgeni wa heshima, halafu vimekwisha. Kwa hiyo siku niliyoingia mara ya kwanza katika ule ukumbi karibu na ufuko, miaka ya mwisho ya tisini, nikiwa mzee wa kanisa mwenye mvi anayetafuta kazi, nilisimama mlangoni nikashindwa kupiga hatua. Nyuma yangu kulikuwa na joto la Februari na watu wenye mchanga miguuni. Mbele yangu uwanja mzima ulikuwa mweupe, na juu yake ukungu umelala kimo cha magoti. Ndani ya ukungu ule watu walikuwa wanapita bila kutembea. Sikuona miguu yao. Niliona viuno, mikono na vichwa vikielea na kugeuka, na nikasikia sauti moja tu, kama mtu anayechana kitambaa kirefu polepole. Nikasema moyoni: Bwana, kama hapa ndipo, mbona hukuniambia nilete koti?

Haikuwa mbinguni. Palikuwa mahali pa kazi, na kazi nilipewa, namshukuru Mungu hadi leo. Mwanzo nilikuwa nawapa watu viatu vya kukodi. Baada ya miezi michache fundi wa zamani wa viatu alihama mji, na kabla ya kuondoka alinifundisha kunoa. Kiatu cha kutelezea kina chuma chini yake, na chuma hicho si kama kisu. Kina kingo mbili, na katikati yake mfereji mwembamba. Unakipitisha kwenye jiwe linalozunguka kwa mkono mmoja mtulivu, bila kusita katikati, kisha unalaza sarafu juu ya kingo zile mbili kuona kama zimelingana. Sarafu ikiinama upande mmoja, unaanza upya. Nilisoma chuo cha wachungaji kwetu Kongo, nikafundisha wainjilisti miaka mingi, lakini mambo kadhaa niliyokuwa nayasema mimbarani kuhusu subira niliyaelewa pale, nikiwa na miwani ya plastiki na vumbi la chuma kwenye nyusi.

Watelezaji wakubwa wana desturi moja: hawabadilishi mtu wa kuwanolea. Mkono wako wakishauzoea, ni wewe tu. Ndivyo nilivyojikuta, mimi mkimbizi wa kupanga chumba mtaa wa Glenwood katika nyumba ya wanafunzi, nanoa vyuma vya watu wa timu ya taifa ya Afrika Kusini.

Hapo kwetu walikuwa watatu wa siku nyingi: mwanamke mmoja aliyeteleza peke yake, na mwanamume na mwanamke walioteleza pamoja. Nilikuwa nawatazama asubuhi, wakati ukumbi bado mtupu na ukungu haujatawanyika. Yule mwanamke wa peke yake aligeuka taratibu kama jani linalotafuta pa kutua, na mara nyingine nilijisahau, nikaona niko nyumbani utotoni, nimelala kifudifudi penye kivuli, nikisikia mama yangu akipepeta mchele. Sijui barafu na mchele vina undugu gani. Ni ile sauti.

Msimu ulipoisha, wote watatu waliacha. Wale wawili walikuwa na kazi nyingine na familia. Yule wa peke yake alikuwa na goti bovu. Alikuja siku ya kawaida, akaweka viatu vyake juu ya meza yangu, akasema kwa Kiingereza chake cha upole, "Leo usivinoe." Akakaa kidogo. Kisha akaenda ofisini, na kesho yake akarudi na koti refu na filimbi shingoni, sasa yeye ndiye mwalimu.

Wa kufundishwa alibaki mmoja tu wa kutegemewa. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita, ambaye mama yake alishona nguo katika kiwanda kule Mobeni. Aliniita baba. Kwa Kizulu na kwa Kiswahili neno hilo ni lilelile, kwa hiyo lilikuwa neno la kwanza tulilokuwa nalo pamoja. Mengine tuliyatafuta kwa Kiingereza. Wachaguzi wa timu ya taifa wangekuja kutoka Johannesburg Jumamosi ya katikati ya Machi. Kama binti huyu angemaliza mchezo wake pamoja na miruko waliyoitaka, nafasi ya wanawake ingekuwa yake. Kama asingeweza, nafasi ingeachwa wazi, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Na mwalimu alisema nafasi ikishaachwa wazi huzoeleka kuwa wazi.

Jambo ambalo mwalimu hakulijua, nililijua mimi kwa chuma. Mtu anayeruka hutua kwa nguvu, na chuma chake huchoka mahali fulani upande wa nje. Vyuma vya binti vilikuwa vinarudi kwangu vikali kama nilivyovitoa.

"Baba, hujavinoa?" aliniuliza.

"Hakuna cha kunoa. Chuma hakijachoka. Wiki ya tatu hii."

Akatazama mlango wa ofisi. "Usimwambie."

"Ana macho."

"Anadhani najizoeza hatua. Nafika pale pa kuruka, halafu..." Akafungua mikono kama anayempisha mtu njiani. "Nauacha mruko upite."

"Unaogopa kuumia?"

"Eish, baba! Kuumia nimezoea. Lakini zamani nikianguka alikuwa mtoto tu ameanguka nyuma ya wakubwa, nani aliangalia? Sasa wakubwa wametoka. Nikianguka mimi, timu nzima iko chini."

Nilimwambia nitaomba, naye akaitikia kwa adabu, kama watoto wanavyowaitikia wazee.

Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa katika ukumbi wa shule uliokodiwa, Glenwood hapo hapo. Wakongo tulikuwa wengi, Wakenya wa chuo kikuu wachache, Watanzania wa kuhesabu, na kila mmoja na Kiswahili chake. Wakati wa kutoa mahitaji ya maombi nilisimama. Lazima niseme kwamba ndugu zangu walijua nafanya kazi "kwenye barafu", na kwa kuwa sikueleza zaidi, walidhani ni ghala la samaki kule Clairwood.

Nikasema, "Wapendwa, naomba tuikumbuke timu ya taifa ya kuteleza. Wakongwe wameacha. Amebaki binti mmoja, naye anaogopa kuanguka."

Kanisani kwetu aliyeteleza ni aliyeacha njia ya Bwana, na aliyeanguka tunajua ameangukia wapi. Taifa ni taifa la Mungu, na timu tulikuwa nazo tele: ya maombi, ya uinjilisti, ya usafi. Mimi kichwani niliona barafu. Sikuona walichokuwa wanaona wao.

Mama mmoja Mkenya, muuguzi, aliyeandika daftari la maombi, akainua kalamu. "Mzee, wanateleza wapi?"

"Karibu na ufuko."

"Ufukoni! Kila Jumamosi?"

"Kila siku. Asubuhi na alasiri."

"Kila siku," akaandika. Mama mwingine, Mkongo mwenzangu aliyesuka nywele katika saluni mjini, akashika kifua. "Papa, na banaanza na miaka ngapi?"

"Wengine na miaka mitano."

"Yesu wangu!"

"Na wengine," nikaendelea, nikifurahi kuona jinsi wanavyojali, "wanateleza wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wameshikana kiunoni. Hao ndio wazuri zaidi."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Muuguzi akaniuliza polepole, kama anayempima mgonjwa homa, "Na wewe Mzee, huko unafanya nini?"

"Mimi nawanolea vyuma."

Waliomba siku ile kama sijawahi kuwasikia. Waliomba mpaka viti vikasogea. Nilirudi chumbani machozi yakinilengalenga, nikifikiri: tazama wageni hawa wanavyoupenda mchezo wa nchi ya watu.

Jumatano, saa tisa alasiri, nikiwa na kiatu mkononi, niliwaona wamesimama mlangoni palepale nilipokuwa nimesimama mimi siku ya kwanza. Akina mama watano wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, chupa ya chai, chapati zimefungwa kwenye taulo. Walikuwa wamekuja kuwarudisha walioteleza. Ukungu ulikuwa umewafikia magotini. Katikati ya uwanja binti alikuwa anateleza peke yake, mikono wazi, akielekea pale pa kuruka. Akafika. Akaupisha mruko, ukapita.

"Papa," mama wa saluni akanong'ona, "hawa njo benye kuteleza?"

"Ndiyo, mama. Huyu ndiye binti."

Alimtazama binti, akanitazama mimi, akatazama chuma mkononi mwangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Muuguzi alichukua muda zaidi, maana alikuwa amefunga tangu Jumatatu.

"Mzee," akasema, "ati nimekaa na njaa siku tatu kwa sababu ya viatu?"

Nilimwomba msamaha. Alisema mfungo hauwezi kurudishwa dukani, basi apewe chai.

Mwalimu alitoka ofisini kuona kelele ni za nini. Nilipomweleza kosa langu, yule mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumwona akionyesha meno aligeuka akatazama pembeni, mabega yakimtikisika. Kisha akasema, kama wageni wamekuja kwa ajili ya watelezaji, basi angalau mmoja ateleze. Mama wa saluni hakungoja kuombwa mara mbili. Nilimfunga kamba za viatu mwenyewe. Binti akampokea penye ukingo wa uwanja, akamshika mikono yote miwili, akawa anarudi kinyumenyume huku akimvuta, taratibu, kama wanavyowafundisha watoto. Wakaingia katika ukungu, kitambaa cheupe na nywele za binti, na kwa muda kidogo vilielea vizuri kabisa.

Kisha mama akasema, "Aa-aa! Aa-aa!" akaketi chini kwa uzito wake wote, na kwa kuwa hakuachia mikono, binti akamwangukia juu.

"Pole!" wakaitikia akina mama wanne kwa sauti moja, kama kiitikio. Mwangwi ukazunguka ukumbi ukarudi: pole.

"Mimi nimeangusha timu ya taifa!" mama wa saluni akapiga kelele toka chini. "Muniandike mu daftari!"

Binti alikuwa amelala chali. Nilidhani ameumia. Nikaona anacheka, mdomo wazi kuelekea dari, moshi wa pumzi ukimtoka. Alimwinua mama, wakaanguka tena, pole, wakainuka tena. Mwishowe alimrudisha hadi kwenye ukingo, akaniuliza, "Baba, hiyo pole maana yake nini? Wanaomba radhi? Hawakunisukuma."

Nikamwambia, "Siyo radhi. Maana yake nimeona umeanguka, na niko hapa."

Aliondoka, akazunguka uwanja mara moja, na alipofika pale pa kuruka, akaruka. Alianguka vibaya, kwa ubavu. "Pole!" Akaruka tena, akaanguka. "Pole!" Chapati zilikuwa zimefunguliwa, na wale akina mama waliitikia wakiwa na vinywa vimejaa. Mara ya nne au ya tano alitua kwa mguu mmoja, akapita mbele yetu kinyumenyume, mkono mmoja nyuma, kimya. Mwalimu alikuwa ameweka filimbi mdomoni bila kuipuliza.

Jumamosi ya wachaguzi walikuja kanisa karibu lote. Niliwaonya kwamba watazamaji wa mchezo huu hukaa kimya. Walikaa kimya, mikono mapajani. Mama yake binti alikuwa mbele yao na sare ya kiwanda, maana alitoka kazini moja kwa moja. Muziki ukaanza kwenye kanda. Mruko wa kwanza binti alianguka. Nilisikia barafu ikipokea goti lake. Wachaguzi watatu wakainamisha vichwa kuandika, na katika ule ukimya watu wapatao thelathini wakasema, bila kujizuia, "Pole."

Mmoja wa wachaguzi aligeuka nyuma kwa hasira. Binti alikuwa ameshainuka. Aliruka miruko iliyobaki yote. Sitasema alikuwa kama jani, hakuwa kama yule wa zamani. Alikuwa na haraka, na bega moja limepanda juu, na alimaliza nusu pumzi baada ya muziki.

Walibandika karatasi kwenye kioo cha mlango saa saba mchana. Mama yake hakuwa na miwani, akaniomba nimsomee. Kwenye mstari wa wanawake palikuwa na jina moja, la binti yake, na chini yake maneno ya kalamu kwamba ataangaliwa tena Johannesburg mwezi wa sita. Nilimsomea mara mbili, na yale ya kalamu pia, nisimpe furaha isiyo yake. Akaniambia, "Mwezi wa sita si mbali, baba," akarudi kazini.

Timu ya kuteleza haikufutwa katika daftari. Muuguzi alikataa. Tena kuna ndugu mmoja, hakuonekana ibadani karibu mwaka mzima, alisikia mtaani kwamba kanisa zima linafunga kwa ajili ya walioteleza, akadhani ametajwa yeye. Alirudi Jumapili iliyofuata, akakaa kiti cha mwisho. Hakuna aliyemweleza ukweli, na mimi nami nimenyamaza hadi leo.

Jumatatu asubuhi binti alikuja kabla ya mwalimu. Ukungu ulikuwa bado haujaguswa. Aliweka viatu juu ya meza yangu, nikavigeuza, nikapitisha kidole upande wa nje.

"Vipi, baba?"

"Vimechoka," nikamwambia.

Nikavaa miwani, nikawasha jiwe.