Bomu la uji wa muhogo

Saa mbili asubuhi, Leonida Akeyo anakoroga uji ambao hakuna atakayeunywa. Ni wa unga wa muhogo, mzito, umo katika mkebe wa maziwa juu ya jiko dogo la makaa. Ukipoa utakuwa gundi.

Juu ya meza yake katika soko la Kolwanda, nusu saa kwa boda boda kutoka mji wa Ndhiwa, magharibi mwa Kenya, amelaza kijitabu cha katuni kutoka India. Kwenye jalada lililopauka, jamaa mwenye joho la manjano anapaa bila viatu juu ya mapaa ya mji. Chini yake watu watano waliofunika nyuso wanakimbia na sanduku.

Leonida anakata ukanda wa karatasi kwa wembe, anauandika kwa kalamu nyeusi, anaupaka uji, kisha anaubandika juu ya maneno ya Kihindi yanayotoka kinywani mwa shujaa. Halafu, jambo ambalo zamani hakulifanya, anaushona pembeni kwa uzi.

"Hiki ndicho kimebaki," anasema. "Nilikuwa na arobaini na vitatu. Vingine vyote viko polisi, na hakuna mtu ananiambia vilikosa nini."

Kazi inayomlisha mama huyu wa miaka 46 ni kushona vitabu: Biblia zilizong'oka majalada, vitabu vya nyimbo, vya shule. Biblia moja ni shilingi 70. Sokoni pia ndiye mwandishi wa mabango, kuanzia bei ya omena, dagaa wa ziwani, hadi matangazo ya mazishi, kwa herufi kubwa zilizonyooka ambazo kila mtu Kolwanda anazijua.

Katuni alipewa miaka sita iliyopita na mfanyabiashara mmoja wa Homa Bay mwenye asili ya Kihindi, ambaye Leonida alikuwa amemshonea vitabu vyake vya sala. Mzee huyo alikuwa anafunga duka. Akamkabidhi katoni nzima.

"Akaniambia kitu kimoja tu," anakumbuka Leonida. "Huyu wa manjano ni karani wa posta, lakini magaidi wakitokea, anapaa. Kihindi mimi sijui hata neno. Yaliyobaki nikajitungia kwa kuangalia picha."

Na alijitungia kwelikweli. Shujaa akampa jina Thuon, neno la Kiluo la mtu jasiri. Mto wa India ukawa mto Kuja wa hapa kwao. Kituo cha treni kikawa stendi ya Homa Bay. Na soko ambalo magaidi wanataka kulilipua likawa Kolwanda.

"Nikimwambia mtu wa hapa juu ya mji wa India, atashtuka nini?" anauliza. "Lakini bomu likiwa hapa kwetu, hata bibi mzee wa nyumbani anavuta kiti karibu."

Kusoma kulikuwa shilingi kumi. Wateja walikuja hadi kutoka Muhuru Bay, ambako Valary, mwanika omena, alikuwa akiazima kimoja kila anapoleta mzigo. "Mimi niliachia shule darasa la nne," anasema Valary. "Kiswahili ya kusoma, mwalimu wangu ni Thuon."

Lakini uji wa muhogo una ubaya wake. Jua likizidi, unakauka na kuachia.

Januari mwaka jana, ukanda mmoja ulibanduka kutoka kwenye kitabu alichokuwa nacho msomaji akielekea nyumbani. Ukaanguka njiani, karibu na kisima. Aliyeuokota ni Elkanah, naibu wa chifu. Uliandikwa: KESHO SAA SITA MCHANA SOKO LA KOLWANDA LITAKUWA MAJIVU.

"Mwandiko nilijua papo hapo," anasema Elkanah. "Si uko kwa mlango ya ofisi yangu? Sasa ningefanya nini? Ninyamaze, halafu kulipuke?"

Elkanah hana lawama. Karatasi kama hiyo haitiwi mfukoni. Lawama inaanza pale watu waliosomea upelelezi walipoipokea.

Polisi walifika na magari mawili. Watu walitawanyika, nyanya zikapondwa, omena ya watu ikakanyagwa. Leonida alikuwa ameinamia Biblia ya kanisa, sindano mkononi. Ofisa akamwonyesha ule ukanda na kumuuliza nani ameandika.

"Yawa, nilifurahi!" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Hiyo karatasi nilikuwa nimeitafuta siku mbili. Nikamwambia, ni mimi nimeandika, asante sana afande kwa kuniletea."

Alitiwa pingu shukrani zikiwa bado mdomoni.

Alilala korokoroni siku mbili. Vitabu vilibebwa katika gunia. Aliwasihi wafungue ukurasa wa kumi na moja, waone maneno ya Kihindi yaliyobaki wazi mbele ya mdomo wa gaidi, ukanda utoshee hapo hapo. Aliwasihi waangalie tu picha, maana picha haihitaji Kiswahili wala Kihindi.

"Kitabu kizima ni mtu anapiga magaidi!" anasema, akigonga meza hadi mkebe unaruka. "Mwanzo mpaka mwisho! Mimi ndiye nilikuwa nawafundisha watu hapa kwamba gaidi hushindwa. Wakanishika mimi."

Siku ya tatu aliachiliwa. Hakukuwa na mashtaka, hakukuwa na pole. Vitabu vikabaki, eti ni ushahidi. Ushahidi wa nini, katika kesi ambayo haipo? Ni miezi kumi na sita sasa. Mkuu wa kituo alipopigiwa simu kuhusu makala haya alisema uchunguzi unaendelea, kisha simu ikakatika.

Wengi sokoni humwita Min Job, mama yake Job, kwa desturi ya Waluo ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe. Siku hizi wapo wanaomwita Min Bom. Wanasema ni utani. Shule iliyokuwa ikimletea vitabu imeacha, na siku iliyokuwa ikimpa shilingi 400 sasa haifikishi 150. Mnyonge akisingiziwa, hata akisafishwa hubaki na doa.

Kila Jumatatu huvaa gauni lake la kanisani na kwenda kukaa kwenye benchi la kituo. Amezoea kuambiwa arudi wiki ijayo. Lakini Jumatatu moja ya Machi mwaka huu aliona kitu kwenye kaunta.

"Nikaona Thuon wangu chini ya kikombe cha chai," anasema polepole. "Ukurasa umekunjwa pembe, mahali mtu amefikia. Na maofisa wawili huko ndani wanacheka, mmoja anasoma kwa sauti. Kwa sauti! Maneno yangu. Nilifikiri ni ushahidi. Kumbe ni maktaba."

Hapo ndipo inapouma. Kama wasingesoma, tungesema ni ujinga, na ujinga una dawa. Lakini hawa wamesoma. Wamemwona Thuon akiwafunga magaidi kamba kitabu baada ya kitabu, wanajua mwanamke huyu alikuwa upande gani, na bado wanamwambia arudi wiki ijayo.

Kitabu kilicho mezani kiliponea kwa sababu siku ya msako kilikuwa kwa Valary, Muhuru Bay. Ni sehemu ya pili ya kile kilichomponza. Sehemu ya kwanza, iliyo kituoni, inaishia sanduku la bomu likiwa chini ya meza ya muuza nyanya, imebaki dakika moja.

Jumatatu iliyopita, koplo mmoja kijana alimfuata Leonida hadi getini. Akatazama nyuma, akashusha sauti.

"Mama, hiyo bomu ya Kolwanda," akauliza. "Ililipuka ama?"

"Hiyo iko kwa kitabu ya pili."

"Sasa hicho cha pili kiko wapi?"

"Kwangu," Leonida akamjibu, akashika njia.

Jumatatu ijayo atarudi, gauni lile lile, kitabu kikiwa ndani ya mkoba. Anakata uzi kwa meno na kufunga jalada.

"Akinitolea vyote arobaini na viwili, nitakaa hapo kwa benchi nimsomee mpaka mwisho, na shilingi kumi yake siitaki," anasema. "Bila hivyo, wacha akae na hilo bomu."